TV ya mji isije mtaani siku ya moto tu

Hivi umeshaangalia TV ya mji inavyofika mtaani? Inafika nyumba ikiungua, mtu akiuawa au kiongozi akija kukata utepe, basi. Gari linapaki, ripota anahoji watu wawili watatu waliokuwa karibu, nusu saa wameshaondoka, usiku unakuta mtaa mzima umebanwa kwenye dakika moja na nusu na hapo kiongozi kaandikwa jina na cheo chini ya skrini, mama aliyepoteza kila kitu kaandikwa "mkazi wa eneo hilo". Inaniuma sana hii, manake jina ni la kuuliza tu, hata sekunde tano haziishi.

Najua chumba cha habari wana sababu zao. Zamani kumtoa ripota nje ni kumtoa na mpiga picha, na dereva, saa nyingine na mtu wa sauti, kwa hiyo mhariri anapeleka gari pale anapojua halitarudi mikono mitupu, na sherehe ya kiongozi ina mwaliko na saa yake, mtaro ulioziba nani atautolea mwaliko? Lakini hilo lilishapatiwa dawa kitambo. NY1 ya New York ilipoanza Septemba 1992, chaneli ya habari za mji huo mmoja saa 24, maripota wake walikuwa wanabeba kamera wenyewe na kupiga picha wenyewe. Leo simu tu inafanya kazi hiyo. Na hukohuko Marekani sheria ya mwaka 1984 iliruhusu miji kuzitaka kampuni za kebo zitenge chaneli za wakazi, shule na halmashauri, yaani mtu wa kawaida anatengeneza kipindi chake, na vikao vya halmashauri vinaweza kuonyeshwa mwanzo mpaka mwisho. Vinachosha kuangalia, ndio, ila hela ya barabara yako inagawanywa mle.

Kwa hiyo kwangu mimi shida sio vifaa tena, shida ni kukaa. Mpe ripota mmoja eneo alishike mwaka mzima, amjue mwalimu mkuu, amjue kocha wa vijana, ajue nani anagombania kile kiwanja cha wazi na nani, watu wampigie simu kabla mambo hayajaharibika. Mtu akikuzoea anakwambia vitu ambavyo mgeni mwenye maikrofoni hapati hata siku moja.

Halafu warudi jamani! Nyumba imeungua, sawa tumeona, je ile familia inalala wapi sasa hivi, uchunguzi wa chanzo umeishia wapi, zimamoto walichelewa kwa nini? Stori ya kurudi haina moshi wala king'ora ila ndo ile ofisi husika zinaiogopa, kwa sababu moto wa siku moja wanautolea pole na kuendelea na shughuli zao, ila ripota anayeuliza swali lilelile mwezi wa pili na wa tatu lazima wamtafutie jibu.