Mpeni mtu nyumba kwanza, hayo mengine tutaongea akiwa ndani

Kila mada ya watu wanaolala nje ikiguswa lazima atokee mtu aseme "aache pombe kwanza, atulie kwanza, atafute hata kibarua, ndo asaidiwe nyumba". Na wanaosema hivyo mara nyingi ni watu wema kabisa, watu ambao wakimkuta mtu amejikunyata barazani watatoa chochote walichonacho mfukoni, ndo maana inaniuma, kwa sababu hiyo "kwanza" yao ndo inamuacha yule mtu pale pale barazani mwaka huu na mwakani tena. Msimamo wangu nausema bila kuzunguka: mtu apewe nyumba, nyumba ya kudumu, yenye mlango unaofungwa kwa ndani na mkataba wenye jina lake, halafu pombe, kazi, matibabu na hayo mengine yote tuyaongee akiwa ndani.

Hebu tuangalie hilo la kutulia. Mtu anayelala nje hapati usingizi wa kueleweka. Viatu anaviweka chini ya kichwa visiibiwe, begi kajifunga nalo mkononi, anaamshwa na mvua, anaamshwa na askari, anaamshwa na vijana waliolewa wanaoona raha kumpiga teke mtu aliyelala. Wapo wanaokunywa ili usingizi uje, na wapo wanaotumia dawa za kuwakesha ili wasilale kabisa, maana usiku ndo kuna hatari. Sasa mtu huyo huyo unamwambia afike kliniki saa mbili asubuhi, msafi, hajanywa, ana makaratasi yake yote. Tunamdai utulivu akiwa sehemu ambayo kila kitu kinamnyima utulivu.

Na makaratasi ndo kesi nyingine kabisa. Watu wa jiji wakija kusafisha eneo, mahema na mabegi yanapakiwa kwenye gari la taka, na ndani ya begi ndo kulikuwa na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, vidonge vya presha, na kile kikaratasi chenye namba ya ofisa wa ustawi wa jamii aliyekuwa anamshughulikia kwa miezi. Kesho yake ofisa anakuja, hamkuti mtu. Huku yule mtu akienda kuomba kitambulisho kipya anaambiwa alete uthibitisho wa anapoishi, akienda kuomba nyumba anaambiwa alete kitambulisho. Mtu mwenye simu, nauli na pa kulala anaweza kuhangaika na mzunguko huo wiki kadhaa akaumaliza, ila kuna watu wameuzunguka mpaka wakafa, na hapo sijatia chumvi.

Mwaka 1992 mwanasaikolojia mmoja wa New York, Sam Tsemberis, alianzisha shirika linaitwa Pathways to Housing kwa wazo ambalo wenzake wengi kwenye fani waliliona la hatari: watu waliokaa mtaani miaka, wana maradhi ya akili, wengi wao na ulevi juu, wapewe apatimenti za kawaida kwenye majengo ya kawaida, watoke barabarani waingie moja kwa moja. Hakuna kuanzia shelta, yani bweni la kulala usiku tu, halafu nyumba ya mpito, halafu kupimwa mkojo, halafu kusubiri. Unakuwa mpangaji kama wapangaji wengine na unakubali kutembelewa. Daktari yupo, timu ipo, ila ukiyakataa matibabu hufukuzwi nyumba. Waliotegemea hao watu wangetoka mbio au kuharibu nyumba wakashangaa, wengi wao walibaki na nyumba zao.

Kanada wakaamua kulipima jambo lenyewe kisayansi, kati ya 2009 na 2013, kwenye miji mitano, Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montréal na Moncton, wakachukua zaidi ya watu 2,000 wenye matatizo ya akili wasio na makazi, wakawagawa kwa bahati nasibu, kundi moja lipewe nyumba kwanza na lingine liendelee na huduma zilizokuwepo. Miezi sita ya mwisho ya utafiti, waliopewa nyumba kwanza 62% walikuwa ndani muda wote. Kundi lile lingine 31%. Ni mara mbili! Mi nikiona namba kama hiyo halafu bado mtu ananiambia "hawa watu hawataki nyumba" naishiwa nguvu.

Lakini sasa, na hapa ndo watu wanapakosea, nyumba haimshukii mtu kutoka juu. Lazima kuna mtu kaijenga au kainunua, kuna anayelipia kodi kipato kikikosekana, kuna anayepokea simu choo kikiziba au jirani akilalamika, kuna nesi, kuna wa kusimamia makaratasi. Hakuna ofisi moja inayoweza hayo yote. Ufini walilijua hili mapema. Mwaka 1985 walianzisha taasisi ya Y-Säätiö, na ukiangalia waliokaa pale mezani unaelewa kwanini ilifika mbali: miji mikubwa, kanisa la Kilutheri, Msalaba Mwekundu, chama cha wafanyakazi wa ujenzi, na waajiri wa sekta ya ujenzi hao hao. Yani mjenzi, bosi wake, mchungaji na meya kwenye meza moja. Kazi yao ikawa kununua na kujenga nyumba ndogo ndogo za kupangisha watu wasio na makazi, zikiwa zimetawanyika mjini kati ya nyumba za watu wengine, na leo hii ni mmoja wa wapangishaji wakubwa kabisa nchini humo.

Halafu mwaka 2008 serikali yao ikaja na mpango wa kupunguza kwa nusu ile hali ya watu kukaa bila makazi kwa miaka, na kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba waliamua kuzifunga shelta zao wenyewe. Helsinki kulikuwa na shelta ya Jeshi la Wokovu mtaa wa Alppikatu, yenye vitanda 250. Wakaivunja vunja ndani, wakatengeneza nyumba 81 za kupangisha, kila moja na choo chake na jiko lake, na wafanyakazi wakiwa kwenye jengo hilo hilo. Mtu aliyekuwa anatoka asubuhi na mfuko wake hajui jioni atapata kitanda au la, sasa ana mkataba. Idadi ya wanaoingia pungufu, ni kweli, ndo maana ilibidi nyumba zingine zipatikane kwingine, na hapo ndo faida ya kuwa na wale wa ujenzi mezani tangu mwanzo.

Wanaosema Ufini ni ndogo na ni tajiri, haya twende Houston. Mwaka 2011 Houston ilikuwa kati ya miji yenye hali mbaya Marekani, watu zaidi ya 8,000 wakihesabiwa kwa usiku mmoja. Mashirika yalikuwepo kibao, kila moja na orodha yake, fomu yake, wafadhili wake, na mtu mmoja anayelala nje anaweza kuhojiwa maswali yale yale na mashirika sita bila hata moja kumpa nyumba. Walipokaa chini kufuatilia safari ya askari mstaafu mmoja kutoka barabarani mpaka kwenye nyumba ya ruzuku, walikuta ni hatua 76 na siku 720. Siku mia saba na ishirini, jamani, kwa mtu aliyepigania nchi hiyo hiyo! Chini ya meya Annise Parker wakaanza kuwabana mashirika, zaidi ya 100, yafanye kazi kwa mfumo mmoja: orodha moja ya majina, tathmini moja, aliye kwenye hali mbaya zaidi anaanza, na pesa za serikali kuu ziende kwenye kilichokubaliwa kwa pamoja. Kufikia 2022 zile siku 720 zilikuwa zimeshuka mpaka 32, na idadi ya wasio na makazi kwenye eneo hilo imepungua kwa zaidi ya 60% tangu 2011.

Mi nadhani siri yenyewe iko kwenye hiyo orodha kuliko hata kwenye pesa. Ukiwa na namba tu, "tuna watu elfu kadhaa", unakata tamaa na kuandaa semina. Ukiwa na majina, unajua mzee fulani yuko chini ya daraja fulani, ana kidonda mguuni, amekosa cheti cha kuzaliwa tu, basi wiki hii kazi ni cheti cha huyo mzee. Mtu wa hospitali anajua lini alikuja emajensi, mtu wa kanisa anajua analala wapi siku hizi, mwenye nyumba anajua kuna chumba kinaachwa mwisho wa mwezi. Wakikutana kila wiki na karatasi moja mbele yao mambo yanaenda.

Wenye nyumba wasisahaulike, maana tunapenda kuwatukana tu. Wengi wanaogopa vitu viwili, kodi kuchelewa na fujo, na ni hofu ya kueleweka. Kwahiyo programu zinazofanikiwa zinawapa vitu vya kueleweka pia: kodi inaingia tarehe ile ile kila mwezi, kuna mfuko wa kulipia uharibifu ukitokea, na kuna namba ya simu ambayo hata saa tano usiku mtu anapokea na anakuja. Mwenye nyumba akishaona hilo limefanyika kweli mara moja mbili, mwenyewe ndo anapiga kusema kuna chumba kingine.

Na tusidanganyane kwamba mtu akishapata funguo basi imeisha. Watu wanaofanya kazi hii wanasimulia kitu kile kile kila mahali, wiki za mwanzo mpangaji mpya analala sakafuni karibu na mlango, kavaa viatu, kitanda kipo pembeni hakijaguswa. Mwili haujaamini bado. Wengine wanarudi mchana kule kule kijiweni kwa sababu ndo kwenye watu wake, na ndani kumenyamaza mno. Wengine wanawakaribisha wenzao wote walale kwao maana anaona aibu kuwa ndani huku rafiki yake ananyeshewa, halafu ndo inakuwa kesi na mwenye nyumba. Hapa ndo jamii inahitajika kuliko serikali, maana serikali haiwezi kukaa na mtu kunywa naye chai jumapili. Jirani anaweza, kikundi cha kwaya kinaweza, aliyewahi kulala nje mwenyewe anaweza kuliko wote, na nafurahi kuona sehemu nyingi sasa wanaajiriwa kwa mshahara kamili kwenye timu hizi.

Wapinzani wana hoja moja ya kweli, na naikubali: nyumba haitibu uraibu. Tafiti nyingi zinaonyesha mtu anabaki ndani lakini matumizi ya dawa hayashuki sana kwa sababu tu kapata nyumba. Sawa. Ila mlevi aliye ndani ana pa kumpata, daktari anajua mlango wake, dawa zake ziko kwenye kabati, na siku akisema "leo nataka kuacha" kuna wa kumsikia siku hiyo hiyo. Aliye nje hiyo siku inampita hivi hivi. Tusiidai nyumba ifanye kazi ya hospitali halafu tuiite imefeli.

Kuna jambo lingine, na hilo ndo linalonikosesha raha zaidi. Los Angeles mwaka 2020 mamlaka yao inayoshughulikia wasio na makazi ilisema kwa wastani watu 207 walikuwa wanatoka kwenye hali ya kukosa makazi kila siku, na kila siku hiyo hiyo watu 227 wanaingia. Timu inafanya kazi kwa jasho halafu kodi za nyumba zinazalisha watu wapya wa kulala nje. Hakuna ushirikiano wa jamii utakaoshinda hesabu hiyo kama nyumba za bei ya chini hazijengwi na anayekaribia kufukuzwa hasaidiwi kodi ya mwezi mmoja au miwili kabla hajatolewa vyombo nje. Hata Ufini yenyewe, mwaka 2024 idadi ilipanda baada ya kushuka zaidi ya miaka kumi, na hiyo ni baada ya serikali kupunguza posho ya nyumba. Na Marekani, Julai 2025 Donald Trump alisaini amri ya kuacha kuunga mkono mfumo huu wa nyumba kwanza, wakati Houston iko pale pale inaonekana kwa macho. Naogopa kwa ajili ya waliokuwa karibu kufikiwa kwenye ile foleni.

Kwahiyo ukisikia jiji au shirika linajisifu kugawa sahani elfu ngapi na mablanketi mangapi, waulize wangapi wameingia kwenye nyumba zao mwaka huu, na wangapi walioingia mwaka jana bado wapo. Sipingi sahani, mtu akiwa na njaa ale leo. Ila sahani zikiongezeka kila mwaka maana yake tunashindwa.

Na kama mradi unakuja mtaani kwako, na mkutano umeitishwa, nenda, tena usiende kuzomea. Uliza nani anasimamia usiku. Uliza wafanyakazi wangapi kwa wapangaji wangapi. Uliza namba ya simu ni ipi na nani anaipokea, na dai nafasi ya majirani kwenye kamati. Ni madai ya haki kabisa hayo, na mradi ulioandaliwa vizuri unakuwa na majibu yake kabla hata hujanyoosha mkono.