Printa ya 3D haichapi kifuko cha tezi, inachapa mfereji wake

Wanaopinga kutengeneza vielelezo vya tezi, yaani tezi ndogo za maabara zenye seli hai, kwa printa ya 3D wana hoja nzito. Vifuko vinavyotoa mate au maziwa ni vidogo kuliko tundu la sindano ya kuchapia, ambalo kwa kawaida ni mikromita 200 hivi. Ukichukua sindano nyembamba zaidi itabidi usukume kwa nguvu, na msuguano huo huchana utando wa seli. Isitoshe, seli za titi za MCF-10A zikipandwa kwenye Matrigel, jeli ya protini, hujipanga zenyewe kuwa vifuko vyenye uwazi ndani, kwa wiki mbili au tatu tu. Printa ya nini, basi?

Ni ya mfereji. Kifuko kilichoota ndani ya tone la jeli kimezibwa pande zote. Ukikichochea kwa karbakoli, dawa inayoamsha tezi za mate, kinachotoka kwenye seli kinabaki humo humo. Hupati hata tone la kupima amilesi, kimeng'enya cha mate; unabaki kupima kipenyo kwa hadubini na kukisia. Ukikipasua, mate yanachanganyika na mabaki ya seli zilizokufa. Tezi ya mate kazi yake ni kumwaga nje, na kielelezo kisicho na pa kumwagia kinaacha nusu ya swali.

Mfereji huanza kama uzi wa Pluronic F127, jeli inayoyeyuka ikipoa, asilimia 30 hadi 40, unene wa mikromita 300 hadi 500. Usiufunike kwa kolajeni: humiminwa ikiwa baridi, na baridi ndiyo inayoyeyusha uzi. Tumia jelatini inayogandishwa kwa mwanga wa nanomita 405, na uiwashie mara moja kabla uzi haujalowa. Kisha poza hadi nyuzi joto 4 za Selsiasi, fyonza taratibu uzi ulioyeyuka, suuza vizuri. Pitisha kwenye tundu lililobaki seli milioni 10 kwa mililita, ziache nusu saa, halafu geuza chini juu, la sivyo dari itabaki tupu. Kiputo kimoja cha hewa kikipita baadaye kinazikwangua zote.

Ugumu wa jeli ndio unaoumiza kichwa. Vifuko vya titi hutaka jeli laini ya paskali (kipimo cha ugumu) mia chache. Katika kilopaskali kadhaa uwazi wao huziba. Mfereji nao, ndani ya jeli laini hivyo, hubonyea. Suluhisho ni jeli mbili, ngumu kuzunguka mfereji na laini penye vifuko, ingawa hata hapo si vyote vinavyoungana nao. Sukuma dekstrani, aina ya sukari, yenye rangi inayong'aa kupitia mfereji: kifuko ambacho rangi haikuingia kisihesabiwe kwenye matokeo.