Wilaya tunagawa kila siku, mtendaji wa kijiji bado ni yule yule mmoja

Juzi kati nilikuwa kijijini kwetu, upande ule uliokuwa unaitwa Dodoma Vijijini, nikawa nahitaji barua ya utambulisho tu, ile ya mistari minne na muhuri, kwa ajili ya kitambulisho cha NIDA cha mdogo wangu. Nafika ofisi ya kijiji saa tatu asubuhi, kofuli. Chini ya mkwaju kuna mama kakaa na mtoto mgongoni, akanambia mtendaji kaitwa kata kwenye kikao, na muhuri anatembea nao kwenye mkoba. Basi nikakaa. Tukawa wawili, tukawa watano, hadi saa nane kasoro tulikuwa kumi na kitu.

Bodaboda ikatokea na vumbi lake, kashuka binti mdogo tu, anawaamkia wazee shikamoo kabla hata hajavua helmeti, alafu akaanza kazi pale pale amesimama. Huyu ana ugomvi wa mpaka wa shamba, huyu kaibiwa mbuzi, mwingine anataka barua ya kupeleka ng'ombe mnadani, na simu inaita wilayani wanataka idadi ya vyoo vya kaya zote, leo leo. Mimi na hasira zangu zote za tangu asubuhi nikajikuta namuonea huruma.

Sasa angalia hesabu. Sensa ya 2012 mkoa wa Dodoma tulikuwa watu 2,083,588, ya 2022 tukawa 3,085,625, yani milioni nzima imeongezeka ndani ya miaka kumi, na makao makuu kuhamia huku kumechangia lakini vijijini nako watu wanazaana jamani tusidanganyane. Na kila takwimu zikitoka mjadala wetu unakimbilia sehemu moja: tugawe. Tugawe mkoa, tugawe wilaya, tugawe jimbo. Bahi na Chamwino zilizaliwa hivyo 2007, Chemba nayo ikamegwa kutoka Kondoa 2012. Sikatai, mtu wa Bahi kuacha kufuata kila kitu Dodoma mjini ni nafuu kubwa, mwenye macho anaona. Ila wilaya mpya maana yake mkuu wa wilaya mpya, mkurugenzi mpya, jengo, magari, wakuu wa idara, na huku chini kwenye kofuli na mkwaju hakuna kilichobadilika.

Na kazi ndo iko huku chini! Vijiji vyetu vingi vimekaa vile tokea Operesheni Dodoma ya 1971 watu walipotolewa kwenye matembe yao ya mbali wakapangwa pamoja, na sheria ya 1975 ilikuwa inafikiria kijiji cha kaya kama 250 kwenda juu. Leo halmashauri ya kijiji, watu 15 mpaka 25 ambao wengi wao ni wakulima wa uwele na hawana mshahara, ndo wanasimamia ardhi yote ya kijiji kwa sheria ya 1999, ndo wanaitisha mkutano mkuu, ndo wanasoma mapato na matumizi (wakisoma). Mwenyekiti wa kitongoji anaamshwa saa nane usiku watu wakipigana, analipwa nini? Posho ikipatikana.

Mimi kwa maoni yangu, kabla hatujakata wilaya nyingine, kila kijiji kikubwa kipewe mtu wa pili ofisini, hata karani tu wa kukaa na muhuri mtendaji akiitwa kata. Alafu na daftari la wakazi liwe kitu cha maana, kwa sababu sensa inahesabu waliolala pale usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, na Agosti huku kwetu mavuno yameshaisha, nusu ya vijana wako Dar wanauza maji na soksi. Wakirudi kulima Desemba nani anajua wako wangapi? Aliyepanga madawa ya zahanati alisoma namba ya kiangazi.

Hilo daftari nililiona. Ni kaunta buku, jalada limeshikwa na selotepu, majina kwa kalamu ya bluu na pembeni kwa nyekundu "kahamia Manyoni", "kaolewa", "marehemu". Mtendaji akapekua kitongoji chetu chote, jina la mdogo wangu halipo. Ana miaka 19 na kazaliwa pale pale. Akamwandika pembeni kwa herufi ndogo, chini ya jina la babu ambaye tulimzika zamani na hajawekewa wino mwekundu mpaka leo, alafu akafungua mkoba akatoa muhuri. Wino umekauka. Akaupulizia pumzi mara mbili, ndo ukagonga.