Darubini iliyotolewa zawadi mara mbili

Kila nikikumbuka darubini ya nyota ya Newall, sijui nimcheke mwenyewe au nimwonee huruma. Robert Stirling Newall, tajiri wa nyaya za chini ya bahari, alimwagiza Thomas Cooke wa York amtengenezee darubini ya lenzi yenye upana wa inchi 25. Kazi ilikula miaka. Cooke akafariki mwaka 1868, na darubini ilipokamilika, duniani hapakuwa na ya lenzi iliyoizidi ukubwa. Ikasimikwa wapi? Gateshead, nyumbani kwa tajiri, katikati ya moshi wa viwanda na mawingu ya kaskazini mwa Uingereza. Newall mwenyewe alikiri kwamba tangu 1870 alipata usiku mmoja tu mzuri. Mmoja!

Mwaka 1889, mwaka aliofariki, aliitoa kwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Watu humsifu kwa ukarimu huo, nami sibishi. Ila sifa kubwa nampa mwanawe, Hugh Frank, aliyekubali kukesha nayo bila mshahara. Kupewa darubini ya namna ile bila mtu wa kuikalia ni kupewa jahazi bila nahodha. Mwaka 1899 akabaini kwamba Capella, tunayoiona kama nyota moja, kumbe ni nyota mbili kubwa zinazozungukana. Hakuzitenganisha kwa jicho. Alitawanya mwanga wake ukawa rangi mbalimbali, akafuatilia mistari myembamba iliyomo ilivyosogea huku na huku. W. W. Campbell wa kituo cha kuchunguza nyota cha Lick, kule California, alifikia jibu lilo hilo mwaka huohuo. Na darubini kuu ya Lick, ya inchi 36, nayo ilitokana na fedha za tajiri James Lick, ambaye amezikwa chini yake.

Baadaye darubini za vioo vya kuakisi mwanga, badala ya lenzi, zikashika usukani. Kioo hubebwa kwa nyuma, lakini lenzi hushikwa kingoni tu, na ikizidi ukubwa huelemewa na uzito wake yenyewe. Cambridge haikuihitaji tena ile ya Newall. Mwaka 1957 ikaitoa kwa kituo cha taifa cha kuchunguza nyota cha Athens, ikajengewa jengo la marumaru mlimani Penteli.

Wapo watakaosema Wagiriki walitupiwa makapi. Sikubali. Ilikuwa na umri wa takriban miaka 90 ndipo ikapata mlima wenye anga safi, kitu ambacho aliyeilipia hakukipata. Siku hizi wageni wa kawaida hupanda huko usiku, wakachungulia kwa lenzi ileile.