California inabana viwanda, mpangaji je?

Agosti 2022 jimbo la California lilipitisha kanuni nzito kwa watengenezaji wa magari. Kati ya magari mapya wanayouza humo, asilimia 35 ya modeli za 2026 yawe yasiyotoa moshi, hasa ya umeme, pamoja na sehemu ndogo ya haibridi za kuchaji, yaani zenye injini ya petroli na betri. Mwaka 2030 iwe asilimia 68, na 2035 yote. Aliye na gari la petroli anaendelea nalo, hata kuliuza anaruhusiwa. Anayebanwa ni kiwanda.

Naunga mkono kubana huko. Los Angeles imezungukwa na milima, na hewa chafu ikishatua haina pa kutokea. Julai 1943 moshi ulitanda mjini mchana hadi watu wakatokwa machozi. Ndiyo maana sheria ya taifa ya 1967 iliiruhusu California, kwa kibali maalumu, kuweka masharti makali kuliko ya serikali kuu. Tena viwanda vikilegezewa hurudi nyuma. Kanuni ya kwanza, ya 1990, ilitaka asilimia 2 ifikapo 1998. Mwaka 1996 jimbo likalegeza, na baadaye kampuni ya General Motors ikayakusanya magari yake ya umeme ya EV1 iliyokuwa imeyakodisha, mengi yakapondwa.

Lakini mtazame mpangaji wa ghorofa ya tatu. Anarudi kazini saa tatu usiku, anazunguka mtaa mara nne akitafuta pa kuegesha, na akipapata hakuna soketi karibu. Mwenye banda la gari nyumbani kwake huchomeka waya akalala, asubuhi betri imejaa. Mpangaji atapanga foleni kwenye chaji za kulipia, ambako umeme mara nyingi ni ghali kuliko wa nyumbani. Kwangu huu ndio upungufu wa kweli wa kanuni hii, kuliko kelele za wapinzani wake kuhusu "uhuru wa mnunuzi". Mwaka 2024 takriban robo ya magari mapya California yalikuwa ya aina hii. Robo inayofuata itatoka kwa watu kama yeye.

Juni 2025 Rais Trump alitia saini azimio la Bunge la kufuta kibali cha kanuni hii, na siku hiyo hiyo California na majimbo mengine 10 yakaenda mahakamani. Septemba 30, nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari jipya la umeme nayo ikakoma. Yote hayo hayakumpa mpangaji soketi. Ningekuwa na sauti Sacramento, makao makuu ya jimbo, asilimia za kila mwaka zingekwenda sambamba na idadi ya soketi katika nyumba za kupanga, na mwenye jengo angebanwa kama kiwanda kinavyobanwa.