Mgongo wazi: upasuaji umefanyika, figo je?

Wanaotaka fedha za kuwasaidia watoto wenye mgongo wazi zielekezwe kwanza kwenye chumba cha upasuaji wana hoja nzito. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo ambao haukujifunga akiwa tumboni, asipofungwa mapema anaweza kufa kwa homa ya uti wa mgongo, na wengi wa watoto hao hujaa maji kichwani. Mabingwa wa upasuaji wa ubongo ni wachache, na mama anayetoka kijijini na kichanga chenye kidonda mgongoni hawezi kuambiwa asubiri. Wengine wanasema tuwekeze kwenye kinga, nao hawajakosea: utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba asidi ya foliki, aina ya vitamini, ikitumiwa tangu kabla ya ujauzito, hupunguza kwa asilimia 72 uwezekano wa tatizo hili kujirudia kwa mama aliyekwisha kupata mtoto wa namna hiyo.

Lakini upasuaji hufunga mgongo tu. Haurudishi mishipa ya fahamu iliyoharibika tangu tumboni. Kibofu kisichopata taarifa sahihi kutoka kwenye mishipa hiyo hakijimwagi chenyewe. Mkojo hubaki, wadudu huzaliana, presha hupanda hadi kwenye figo, na figo huharibika kimyakimya, bila maumivu, mtoto akiwa anacheza na wazazi wakiamini kwamba yote yalikwisha siku nyuzi zilipotolewa. Hilo ndilo linalonikosesha amani, kwa sababu dawa yake haihitaji bingwa. Tangu mwaka 1972 Jack Lapides, daktari wa Marekani, alipoonyesha kwamba mpira wa mkojo, yaani mrija mwembamba unaoingizwa kwenye kibofu kutoa mkojo, unaweza kupitishwa kwa usafi wa kawaida bila vifaa vya chumba cha upasuaji, kazi hii imewezekana nyumbani: mikono inaoshwa kwa sabuni, mpira unapitishwa, kibofu kinamwagwa, na baada ya saa tatu au nne inarudiwa. Mama hufundishwa, na mtoto mwenye mikono mizima huweza kujifanyia mwenyewe akiwa shule ya msingi, mradi shule ina choo chenye mlango na maji. Pasipo na choo hicho mtoto hulowa darasani, wenzake humkimbia kwa harufu, naye huacha shule akiwa na akili timamu.

Anayeona kwamba kumfuatilia mtoto baada ya upasuaji kunapunguza kasi ya upasuaji aitazame Mbale, Uganda. Huko Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, na wenzake waliunganisha njia mbili za kutibu maji kichwani kwa darubini nyembamba inayoingizwa kichwani, hivyo watoto wengi hawahitaji tena mpira wa kichwani, yaani mrija wa kudumu wa kutoa maji hayo, ambao ukiziba mbali na hospitali mtoto hufa. Mbinu hiyo ilizaliwa kwa kuuliza maisha ya mtoto yatakuwaje baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Kwa hiyo mama asitoke wodini kabla hajapitisha mpira kwa mkono wake mwenyewe, muuguzi akimtazama, na hospitali inayotangaza idadi ya migongo iliyofunga itangaze pia ni watoto wangapi kati ya hao wamefika darasa la kwanza wakiwa na figo nzima.