Rungu Latolewa, Hesabu Haidaiwi

Desemba 18, 2014, Bunge la Taifa la Kenya liligeuka uwanja wa mieleka. Karatasi zilichanwa, wabunge wakakabana mashati, na Naibu Spika Joyce Laboso akamwagiwa maji. Katikati ya makelele hayo ukapita Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Usalama, uliogusa sheria 22 kwa mpigo mmoja. Kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi. Miaka karibu kumi baadaye, Juni 26, 2024, siku moja tu baada ya waandamanaji kuvamia majengo ya Bunge, wabunge waliidhinisha wanajeshi kutumwa barabarani. Mara zote mbili watu walibishania lile lile: usalama kwanza au haki kwanza? Kwa maoni yangu, mshale ulirushwa kando ya shabaha.

Nianze na serikali, maana wakosoaji wake, nami nimo, huupita upande huo mbiombio. Mswada wa 2014 ulizaliwa msibani. Septemba 2013 watu 67 waliuawa na kundi la kigaidi la Al-Shabaab katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi. Juni 2014 ikawa zamu ya Mpeketoni, mji wa pwani: waliuawa zaidi ya watu 60. Novemba 22 mwaka huo basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilisimamishwa, abiria wakachujwa kwa dini, 28 wakauawa, walimu waliokuwa wakirudi kwao likizoni wakiwamo. Siku kumi baadaye, karibu na mji ule ule, wachimba mawe 36 wakauawa usiku walikolala. Mwambie mjane wa mchimba mawe asubiri mjadala wa kifungu kwa kifungu, uone atakavyokutazama. Hoja ya wapelelezi nayo ilikuwa nzito: siri za magaidi hupatikana kwa kunasa simu na kwa watoa habari ambao, wakitajwa hadharani, huenda wasifike jioni. Mshukiwa akipewa dhamana, mpaka wa Somalia ni mrefu na unavukika.

Lakini ndani ya furushi hilo mlikuwa na mengine. Mwandishi ambaye angechapisha, bila idhini ya polisi, habari za kuhujumu uchunguzi wa ugaidi alitishiwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka mitatu. Nani ataamua kwamba habari fulani inahujumu uchunguzi? Ni polisi wale wale wanaoandikwa. Idadi ya wakimbizi ikawekewa kikomo cha 150,000 nchi nzima, ilhali kambi za Dadaab pekee zilihifadhi zaidi ya 300,000. Waliozidi wangepelekwa wapi, mswada haukusema. Wakenya walioteswa na polisi katika vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi, miaka ya themanini hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza kwa nini waliogopa.

Muungano wa upinzani, CORD, ukaenda Mahakama Kuu. Januari 2, 2015, Jaji George Odunga alisimamisha kwa muda vifungu kadhaa, na Februari 23 jopo la majaji watano likafuta vinane, kile cha waandishi na kile cha wakimbizi vikiwamo. Vya kunasa mawasiliano vikaachwa. Kazi ya kupepeta, hiki kinafaa na kile hakifai, ikafanywa na majaji watano wakati wabunge 349 wanalipwa kuifanya. Serikali iliharakisha, ni kweli. Ila upinzani nao usijitoe lawamani, kwa kuwa maji yaliyomwagwa siku ile hayakurekebisha kifungu hata kimoja.

Hayo yote ni mabishano ya rungu, yaani mamlaka ya vyombo vya usalama: nani apewe, liwe zito kiasi gani. Hesabu ya namna rungu lilivyotumika huwa haiulizwi.

Tazama Westgate. Rais aliahidi tume ya uchunguzi. Haikuundwa hadi anaondoka madarakani. Kamati mbili za Bunge, ya usalama na ya ulinzi, zikaandaa ripoti ya pamoja, na Machi 2014 Bunge lenyewe likaitupa. Waliosema ilikuwa dhaifu hawakukosea. Sasa ripoti ikiwa dhaifu, si hurudishwa kamati iitengeneze? Miezi tisa baadaye wabunge hao hao waliwaongezea mamlaka maafisa ambao makosa yao hawakuwahi kuyajua kwa undani.

Kisha ikaja Garissa, Aprili 2, 2015. Wauaji waliingia chuo kikuu alfajiri. Recce, kikosi maalumu cha polisi, kilikuwa Nairobi, na kilifika saa nyingi baadaye, watu wengi wakiwa wameshakufa. Waliouawa ni 148, karibu wote wanafunzi. Wako waliosema mahakama ndiyo iliyowafunga polisi mikono. Chukua vile vifungu vinane kimoja kimoja, utafute kile ambacho kingeirusha mapema ndege ya kukipeleka kikosi hicho. Hakuna. Tatizo la siku ile lilikuwa amri na usafiri, mambo ambayo hufichuka pale tu mtu anapoketishwa mbele ya kamati akaulizwa saa kwa saa.

Serikali ina jibu hapa pia, na silidharau. Januari 2016 Al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia. Kutangaza idadi ya waliouawa kungempa adui ushindi wa pili, tukaambiwa. Kwa wiki ya kwanza nakubali. Lakini hadi leo idadi rasmi haijatangazwa, na badala yake Wakenya walimsikia Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, akitaja 180 au zaidi, majeshi yetu yakakanusha bila kutoa takwimu yao. Kama ni siri, Bunge linaweza kuketi faraghani. Kifungu cha 238 cha Katiba kinaweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge, wala hakikuweka kando yale yanayoaibisha.

Ndiyo maana kikao cha Juni 2024 kilinisikitisha kuliko vurugu za 2014. Safari hii hakuna aliyemwagiwa maji. Kifungu cha 241 kinataka Bunge la Taifa liidhinishe kabla jeshi halijatumwa kutuliza ghasia nchini, na sababu yake inajulikana na yeyote anayekumbuka mauaji ya raia yaliyofanywa na wanajeshi huko Wagalla, 1984. Hofu ya wabunge naielewa: sehemu ya jengo lao ilikuwa imechomwa moto, vijana walikuwa wamepigwa risasi nje. Lakini hoja iliidhinishwa bila tarehe ya mwisho wala mipaka ya kazi, licha ya upinzani kulalamika. Chama cha Mawakili kikakimbilia mahakamani. Jaji Lawrence Mugambi hakuwaondoa wanajeshi. Alikubali kwamba walihitajika, kisha akaipa serikali siku mbili itangaze katika gazeti rasmi watafanya nini hasa, na kwa muda gani.